Deni la Muda kwa Mtoto Njiti

Mtoto aliyezaliwa katika mwezi wa saba wa mimba, akalala wiki nyingi katika chumba cha joto cha hospitali huku akilishwa maziwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani, kisha akarudishwa nyumbani salama na kutimiza miezi sita tangu siku aliyotoka tumboni mwa mama yake, ana umri gani? Suali hili laonekana jepesi, kwani kadi ya kliniki ina tarehe, na tarehe haina ubishi. Walakini siku ile ambayo bibi yake ateleka sufuria ya uji na kuuliza kama wakati wa kumwonjesha mjukuu haujawadia, wepesi wa suali hutoweka, na kila aliyemo nyumbani huona kwamba jibu lake si la hesabu peke yake. Ni suali la haki: kiumbe aliyekuja duniani kabla ya kupewa yote ambayo wenziwe walipewa katika giza la tumbo astahili nini, na ni nani aliyewajibika kumtimizia?

Matabibu humwita njiti kila mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba, na kwa mwaka 2020 peke yake watoto wa namna hiyo walizidi milioni 13 duniani, wengi wao wakizaliwa Asia ya Kusini na Afrika iliyo kusini ya Sahara, ambako malaria ya mimba, shinikizo la damu, maradhi ya kuambukiza na mimba za mapacha huwatoa watoto kabla mama hajaweka tayari hata kanga za kuwapokelea. Ili wasimdhulumu mtoto huyo kwa kumpima na asiyelingana naye, matabibu humhesabia umri mara mbili. Umri wa kwanza ni wa tarehe, na huu waujua kila mtu. Umri wa pili, ambao huitwa umri uliorekebishwa, huanza siku ile ambayo angalizaliwa lau mimba ingalitimiza wiki zake 40. Aliyezaliwa wiki ya 28 amekosa wiki 12. Akitimiza miezi sita ya tarehe, umri wake uliorekebishwa ni miezi mitatu na siku chache tu, na miezi sita ya umri huu wa pili ataifikia akiwa karibu kutimiza miezi tisa tangu kuzaliwa. Basi Shirika la Afya Duniani linaposema kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, ndipo aanze vyakula vya kulikiza huku akiendelea kunyonya, mama wa njiti ana haki ya kuuliza: miezi sita ipi?

Kabla ya kumjibu yafaa kwanza kumtua mzigo asiostahili kuubeba. Watu husema kwamba mtoto wake amezaliwa kabla ya wakati, na katika kusema hivyo hudokeza kwamba pana aliyeuharakisha wakati. Huuliza alinyanyua nini, alikula nini, alimkasirisha nani. Mwenye kuamini kwamba ajali ya kila kiumbe imeandikwa hawezi kuamini pia kwamba mtoto ameitangulia kadari yake. Kusema amekuja mapema ni kusema kwa mujibu wa ada, yaani ule mwendo wa kawaida ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia viumbe wake. Na ada yaweza kupindwa na Mwenye kuiweka pasi na kosa la mtu. Miongoni mwa masimulizi ya Ahlul-Bait, hasa kwa ndugu zetu Mashia, umo upokezi kwamba Sayyidna Husein bin Ali alizaliwa kwa mimba ya miezi sita, na mtu aukubali upokezi huo au asiukubali, hapana shaka kwamba waliousimulia hawakuuona ufupi wa mimba kuwa aibu ya mama wala upungufu wa mwana. Kilichompungukia mtoto njiti si wakati wake wa kuja, bali ni akiba ya kujia. Na akiba, tofauti na kadari, ni jambo ambalo waja wameamrishwa kulishughulikia kwa sababu zilizo mikononi mwao.

Wanazuoni walikabiliwa na suali la mimba fupi zamani mno, tena si katika mambo ya chakula bali katika mambo ya heshima na uhai wa mtu. Imepokewa kwamba katika zama za Makhalifa Waongofu mwanamke mmoja alizaa miezi sita baada ya kuolewa, akatuhumiwa zina, na hukumu nzito ikamkabili. Wapokezi wamehitilafiana kama Khalifa alikuwa Umar au Uthman, na kama aliyesimama kumtetea alikuwa Ali bin Abi Talib au Ibn Abbas, lakini hujja ya mteteaji ni ile ile. Aliziweka Aya mbili pamoja: ile ya Suratul-Ahqaf, inayofanya mimba na kuachishwa ziwa kuwa jumla ya miezi 30, na ile ya Suratul-Baqara, inayoweka miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza, akatoa 24 katika 30, ikabaki sita, ikathibiti kwamba mimba ya miezi sita yaweza kumleta mtoto wa halali. Katika upokezi uliomo ndani ya Muwatta ya Imamu Malik, Khalifa Uthman aliikubali hujja hiyo na kutuma mtu amrejeshe yule mwanamke, na mjumbe akakuta hukumu imekwisha kupita. Nimeusoma upokezi huo mara nyingi, na kila niusomapo huona kwamba kumhesabia mtoto vibaya si jambo dogo la wakunga na makarani, bali ni jambo linaloweza kumwangamiza mtu asiye na hatia.

Lakini hesabu hiyo haikuishia hapo. Imenakiliwa kwa Ibn Abbas, na Ibn Kathir ameitaja katika tafsiri yake, kwamba mwanamke akizaa kwa miezi tisa, miezi 21 ya kunyonyesha yamtosha mtoto. Akizaa kwa miezi saba, ni miezi 23. Na akizaa kwa miezi sita, basi ni miaka miwili kamili. Tazama jinsi alivyohesabu: jumla haiguswi, mpaka ndio usogezwao. Kila mtoto ana miezi 30 ya kubebwa na kunyonyeshwa, na hii ni amana yake isiyopunguzwa na tukio lolote. Ambacho tumbo halikuwahi kukilipa, ziwa hukilipa. Karne nyingi kabla ya kliniki yoyote kuandika umri uliorekebishwa katika daftari, mwanachuoni huyu alikwisha kuona kwamba umri wa mtoto hauanzi siku atokapo, na kwamba aliyetoka mapema hakuchelewa katika kukua, bali anadai.

Neno hilo la kudai ndilo ninalolishikilia katika mada hii yote. Jamaa wengi humvumilia mtoto njiti kama watu wanaomfanyia hisani: wasema, tumpe muda, masikini, ni mdogo. Nami naona kwamba muda anaopewa si sadaka. Ni deni, na mwenye kulipa deni hana fadhila ya kujisifia wala ruhusa ya kuchoka katikati.

Wala deni hili si la fikra tupu, kwa kuwa mwili wenyewe wa mama hulitambua. Maziwa ya mama aliyejifungua njiti, katika wiki zile za mwanzo, huwa na protini nyingi kuliko maziwa ya mama aliyetimiza miezi. Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchini Kolombia, tabibu Edgar Rey Sanabria, akikabiliwa na wodi iliyosongamana na uhaba wa mashine za joto, alianza kuwaweka njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakifungwa hapo usiku na mchana. Na mwenziwe Héctor Martínez akaiendeleza kazi hiyo, ambayo leo wauguzi wetu huiita matunzo ya kangaruu, na ambayo tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lapendekeza ianze mara tu baada ya kuzaliwa. Kilichookoa watoto wale hakikuwa kitu kipya kilichoagizwa ng'ambo. Walirudishwa kwa mama ili amalizie kwa nje kile ambacho hakuwahi kukimaliza kwa ndani: joto, maziwa, na pigo la moyo.

Msomaji mwenye elimu ya fiqhi atanipinga, naye ana hujja yenye nguvu. Atasema kwamba rai ya Ibn Abbas siyo iliyoshikwa na mafakihi walio wengi. Kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya jamhuri ya watu wa pwani yetu, miaka miwili ya ziwa lenye kuleta umaharimu huhesabiwa kwa miezi mwandamo tangu mtoto atengane kabisa na tumbo la mama yake, awe njiti au aliyetimia. Na kwamba akika hufanywa siku ya saba ya kuzaliwa, pasi na kungojea ile siku ya saba ambayo ingalikuwa. Yote hayo ni kweli, nami nayakubali. Lakini yatazame yanahusu nini. Umaharimu, nasaba, mirathi na akika ni mambo yanayomfunga mtoto na watu wengine, nayo hayana budi kutegemea tarehe inayoonekana na kushuhudiwa na wote, kwani sharia isiyo na mpaka unaoshuhudiwa huzaa magomvi. Chakula kinachoingia tumboni mwake hakimfungi na mtu yeyote. Hicho ni jambo baina yake na mwili wake, na mwili hausomi kadi. Basi naona si kosa wala tanakudhi kwamba mtoto mmoja awe na umri wa namna mbili, mmoja wa kumtambulisha kwa watu na mmoja wa kumlea, maadamu hatuutumii huu mahali pa ule.

Iwapo basi kungoja ni haki yake, je, yatosha kungoja tu? Hapa ndipo suala linapokuwa gumu, na ndipo ninapowaomba wale waliokwisha kuridhika na hesabu ya miezi 30 wasimame kidogo. Mtoto aliyemo tumboni hupokea sehemu kubwa ya madini ya chuma katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na akiba hiyo ndiyo anayoitumia anapokuwa hana chakula ila maziwa, ambayo yana chuma kidogo. Njiti hutoka kabla ghala hilo halijajazwa. Kwa hivyo akiba yake humalizika upesi kuliko ya mwenziwe, na damu yake huweza kupungua nguvu wakati ule ule ambao akili yake inajengwa. Kwa upande wa chuma, basi, yeye ni mwenye kuhitaji mapema. Lakini kwa upande wa koo na shingo, yeye ni mwenye kuhitaji baadaye: uwezo wa kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa zamu bila ya kupaliwa hukomaa karibu na wiki ya 34 ya umri wa mimba, hata mtoto awe amekwisha kuliona jua kwa wiki sita, na vivyo hivyo shingo, mgongo na ulimi hufuata kalenda ya tumbo, hazifuati kalenda ya ukutani. Ndani ya mwili mmoja mna kiungo kisemacho harakisha na kiungo kisemacho ngoja, na vyote viwili vyasema kweli.

Matabibu wenyewe hawakukubaliana katika jambo hili kwa urahisi. Uingereza kumekuwa na ushauri wa kuwatazama njiti kati ya miezi mitano na minane tangu kuzaliwa, na kuanza pale ishara zionekanapo. Na katika Bara la Ulaya wapo mabingwa wanaoona kwamba aliyekwisha kupata uwezo wa kula aweza kuanza hata kabla ya miezi sita ya umri uliorekebishwa. Katika India, hospitali tatu za umma ziliwafuatilia watoto 403 waliozaliwa kabla ya wiki ya 34, wengine wakianzishiwa chakula kwa miezi minne ya umri uliorekebishwa na wengine kwa miezi sita; matokeo yalipochapishwa mwaka 2017 ilidhihirika kwamba walioanza mapema hawakuwazidi wenziwao kwa uzito walipofikisha mwaka mmoja, ila waliwazidi kwa kulazwa hospitali. Mimi, ambaye naishi katika nchi ambazo maji ya kisima na kuharisha ni majirani wa kila nyumba, nauona ushahidi wa India kuwa una uzito kwetu kuliko rai za mabingwa wa nchi ambazo maji ya bomba hunywewa bila ya kuchemshwa. Kijiko cha mapema hakiji peke yake. Huja na maji yaliyokorogewa, na kikombe kilichooshewa, na mkono ulioshika.

Ama ile haja ya chuma, haimlazimu mtoto kuanza uji kabla hajawa tayari. Wauguzi wanayo matone ya madini ya chuma, ambayo njiti anayenyonya huanza kupewa wiki chache baada ya kuzaliwa kwa kipimo cha uzito wake, na kwa njia hiyo yule anayesema harakisha huridhishwa huku yule anayesema ngoja akiheshimiwa. Nimeyataja matone hayo kwa sababu subira, kama wanavyoifundisha walimu wa akhlaki, ni kufanya la leo kwa ukamilifu pasi na kunyakua la kesho. Na mama anayengoja bila ya matone, kwa kudhani kwamba kungoja peke yake ni ibada, amechelewesha na hakusubiri.

Sasa turejee katika ishara, maana naona ndiko dini na tiba zinakokutana kwa ukaribu kuliko katika hesabu. Desturi ya sharia ni kuifanya miezi na miaka kuwa badala ya ishara pale ishara ikosekanapo, na kuitanguliza ishara pale ionekanapo. Hata mwezi wa Ramadhani twautazamia kwa macho jioni ya siku ya 29, na hatutimizi siku 30 ila mwezi usipoonekana. Baleghe hujulikana kwa alama zake, na miaka 15 kwa Shafii ni ya yule ambaye alama hazikumjia. Yatima, kwa mujibu wa Suratun-Nisaa, hakabidhiwi mali yake kwa kuwa amefikia umri fulani tu: walii ameamrishwa amjaribu na kumtazama, mpaka auone uongofu wake. Kijiko cha kwanza cha chakula nakiona kuwa ni mali ya kwanza ambayo mtoto hukabidhiwa, nacho chataka mtazamo wa namna hiyo hiyo. Je, ainua kichwa na kukishika bila kuyumba? Aweza kukaa akiegemezwa bila ya kuporomoka? Akiona wenziwe wakila hufuata mkono kwa macho na kufunua kinywa? Ulimi wake hukipokea kilichowekwa, au hukisukuma nje kama usukumavyo kitu kigeni? Njiti aliyefikisha miezi yake iliyorekebishwa, naye akazikosa ishara hizi zote, apelekwe kwa wajuzi, asibanwe pua akafunguliwa kinywa.

Ibn al-Qayyim wa Dameski, aliyefariki mwaka 1350, aliliandikia jambo hili katika kitabu chake cha hukumu za mtoto mchanga, Tuhfatul-Mawdud. Rai yake ni kwamba mtoto abaki katika maziwa peke yake mpaka ameapo meno, kwa sababu kabla ya hapo tumbo lake ni dhaifu; kisha apandishwe daraja kwa daraja, kwanza mkate uliolowekwa katika maji moto na maziwa, halafu michuzi isiyo na nyama, halafu nyama laini mno iliyopondwa. Matabibu wa leo hawaikubali alama ya meno, kwani wapo watoto waotao jino kwa miezi minne na wapo wakaao mwaka bila ya hata moja, na njiti aghalabu huchelewa; lakini njia ya bwana yule, ya kumtazama mtoto kwanza na kumpandisha taratibu, haijapata kuvunjwa na yeyote.

Na katika Sahihi ya Muslim imo habari ya mwanamke wa kabila la Ghamid, aliyemjia Mtume kukiri dhambi yake na kutaka atakaswe, naye akiwa mja mzito. Mtume alimrudisha mpaka ajifungue. Alipojifungua akamrudisha tena mpaka amwachishe mtoto ziwa. Na alipokuja mara ya mwisho alikuja na mtoto mwenye kipande cha mkate mkononi, akasema kwamba huyu amekwisha kuacha ziwa na sasa anakula chakula. Hakuulizwa miezi mingapi imepita. Adhabu ambayo sharia yenyewe imeiweka ilisimamishwa kwa ajili ya mtoto asiyeweza kula, na shahidi wa kwamba ameweza hakuwa tarehe, alikuwa ule mkate uliomo mkononi mwake. Ikiwa hukumu ilisimama namna hiyo kwa ajili ya mtoto, sijui ni pupa ya nani leo, au ni majivuno ya nani mbele ya majirani, yasiyoweza kusimama.

Nasema majivuno kwa sababu mara nyingi mjadala wa jikoni hauhusu njaa. Bibi husema, "Mwanangu, huyu na mtoto wa jirani wamezaliwa mwezi mmoja, yule akaa na kula wali uliopondwa, huyu wangu mwamfanyia nini?" Na mkwewe hujibu kwa upole, "Mama, hesabu yake haijafika, wamesema tumngoje kidogo," naye ajua kwamba jibu hilo halitamaliza mambo. Simlaumu bibi. Katika maisha yake amewaona watoto wadogo mno wakipungua mpaka wakaondoka, na uji kwake ni namna ya kumshika mjukuu asiende. Lakini wanazuoni wameufasiri uadilifu kuwa ni kukiweka kila kitu mahali pake, na kuwapa watoto wawili chakula kimoja kwa kuwa walizaliwa mwezi mmoja ni kumweka mmoja wao mahali pa mwingine.

Kwa mapenzi hayo hayo wengine hutaka kumpaka njiti tende kaakaani akiwa bado yumo wodini, kwa kufuata sunna ya Mtume aliyomfanyia Abdullah bin Zubeir na watoto wengine wa Madina, au kumlambisha asali. Sunna hiyo ni tukufu, na kwa sababu ni tukufu haikuwekwa ili imdhuru mtoto. Aliye katika mpira wa kulishia, ambaye utumbo wake waweza kuoza kwa jambo dogo, ana ruhusa ya kungojewa mpaka tabibu wake aridhie, kwani kanuni ya kuondoa madhara hutangulia jambo lililo la kupendekezwa. Na asali, ijapokuwa imesifiwa kwa ponyo, yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lililo chini ya mwaka mmoja haliviwezi. Isionjwe kabla ya hapo. Siku ikifika, basi chakula kiwe chakula kweli. Uji mwembamba wa muhogo humjaza tumbo na kuuacha mwili mtupu. Mtoto mwenye deni la chuma apewe uji mzito usiomwagika upesi kijikoni, maini yaliyopondwa, samaki aliyetolewa miiba, kiini cha yai kilichoiva, kunde zilizochujwa maganda, bila ya chumvi wala sukari, na ziwa likiendelea.

Aya ile ile ya Suratul-Baqara inayotaja miaka miwili huwaruhusu wazazi kumwachisha mtoto kabla ya hapo kwa sharti la kuridhiana na kushauriana wote wawili, na humtwika baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, kwa wema. Watu wengi huukumbuka muda na kuisahau gharama. Lakini akiwa mtoto njiti anadai miezi mingi zaidi ya ziwa, mama anayemlipia anadai miezi mingi zaidi ya kulishwa, kupumzishwa na kuondolewa kazi nzito, na deni hilo la pili ni la baba, la wakwe, na la nchi. Sharia imelipa uzito mkubwa kuliko tunavyolipa sisi: kwa Shafii, mwanamke anyonyeshaye akihofia maziwa ya mtoto wake hufungua Ramadhani, akailipa baadaye na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku, yaani nguzo ya dini huahirishwa kwa ajili ya ziwa. Tanzania Bara nayo, mwaka 2025, ilizirekebisha sheria zake za kazi ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo kwa kufidia muda wa mimba uliokatika. Na nimefurahi kuona serikali ikihesabu kama alivyohesabu Ibn Abbas, ijapokuwa kwa sababu zake nyingine.

Ila likizo ni ya mwenye kuajiriwa. Mama wa Paje au Jambiani, huko Unguja, anayelima mwani hufuata maji ya bamvua, na maji hayamngojei. Yakitoka, hushuka pwani na kumwachia bibi mtoto kwa saa nyingi, na sufuria ya uji ambayo twaihukumu kwa ukali hutelekwa saa hizo, kwa sababu ziwa haliko. Mwenye kumwambia mama huyo angoje mpaka miezi ya mtoto itimie, naye ana nguvu za mikono, na ashuke yeye pwani bamvua hilo akamfungie kamba zake za mwani.